Mashine ya Randa: Kazi Yake, Hatari Zake na Utunzaji Wake

Apitaye siku hizi katika vituo vya biashara vya upande wa Kisaka, au Mugumu, au Tarime, hakosi kusikia mlio wa mashine ya randa. Mlio huo si kama ule wa mashine ya kusaga unga; ni mkali zaidi, nao hupanda ubao uguswapo na visu, kisha hushuka ubao ukiisha kupita. Zamani mlio huu ulisikika zaidi katika miji kama Musoma na Mwanza. Lakini tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi yake mwaka 2007, nyaya za umeme zimefika katika vijiji vingi, na pahali nyaya zifikapo hufuata upesi mashine ya unga, kinyozi, na seremala mwenye mota.

Twaandika habari hizi kwa ajili ya mafundi wenyewe, lakini zaidi kwa ajili ya walimu, wazee na viongozi wa vijiji, kwa kuwa ndio waagizao madawati ya shule na milango ya zahanati, nao ndio wapelekao vijana kwa fundi ili wajifunze kazi. Wasomaji watakumbuka mwaka 2016, elimu bila ada ilipoanza na madarasa yakajaa watoto wasio na pa kukaa. Serikali ilihimiza wilaya zote kumaliza upungufu wa madawati, na mafundi wakatakiwa kutoa kazi upesi. Dawati lisilopigwa randa humchoma mtoto vibanzi, hata mwalimu humwona akiandika amesimama. Basi randa ni kazi ya lazima. Walakini mashine hii hutaka mtu asiye na haraka, na watu wengi waliopoteza vidole vyao walivipoteza katika siku ya haraka.

Kwanza tueleze randa ni nini. Chombo hiki ni cha kale sana. Katika magofu ya Pompeii, mji wa Italia uliofukiwa na majivu ya mlima wa moto mwaka 79, zimechimbuliwa randa za mkono ambazo seremala wa leo angezitambua mara moja. Jina lenyewe lafanana na la Waajemi, nao chombo hiki hukiita rande. Katika nchi yetu ya Mara kazi nyingi za mti zilifanywa kwa shoka na tezo: vigoda, mizinga, na litungu la Wakuria. Kitu kilichochongwa katika gogo moja zima hakihitaji randa. Randa huhitajiwa pale mbao zipasuliwapo na kuunganishwa, maana ubao mmoja usipolala sawasawa na mwenziwe, hapana gundi wala msumari utakaowapatanisha.

Mashine ya kupiga randa ilienea baada ya mwaka 1828, ndipo William Woodworth wa Marekani alipopata hati ya haki ya mashine yake. Iliyo katika karakana zetu ni ndugu wa mbali wa ile. Ina meza mbili za chuma, na katikati yake pana ufa. Ndani ya ufa huo ngoma ya chuma huzunguka, nayo imefungwa visu viwili, vitatu au vinne. Meza ya mbele, ndiyo ile fundi anakosimama na kuanzia kusukuma ubao, iko chini kidogo. Meza ya nyuma, ndiyo ile ipokeayo ubao uliokwisha kurandwa, sharti iwe sawa kabisa na ncha za visu zifikapo juu. Tofauti ya meza mbili ndiyo unene wa mbao utakaoondolewa. Ukitaka kuondoa milimita moja, meza ya mbele ishuke milimita moja. Hiyo ndiyo siri yote ya mashine hii, na asiyeifahamu atalaumu visu siku zote hali kosa liko katika meza.

Sasa msomaji na atazame hesabu hii. Ngoma nyingi huzunguka mara 4,000 hadi 6,000 kwa dakika moja. Tuseme ni mara 5,000, na visu ni vitatu: hapo mti hukatwa mara 15,000 kwa dakika, yaani mara 250 kwa kila sekunde. Mtu mwenye akili timamu akishtuka, mkono wake huchukua kama robo ya sekunde kabla haujaanza kurudi. Katika muda huo visu vimekwisha kupita mara 60 na zaidi. Kwa hiyo ni bure mtu kusema, “Mimi ni mwepesi, nitauondoa mkono.” Tena randa haikati kama msumeno. Msumeno ukikata kidole, mara nyingine kipande hupatikana na daktari huweza kujaribu kukirudisha. Randa humenya nyama na mfupa vipande vidogo vidogo, vikaenda pamoja na maranda chini ya meza, na daktari hana cha kushona.

Hapa pana jambo la kuangaliwa na kila anunuaye mashine kuukuu, au iliyoundwa na fundi wa kuchomelea vyuma. Katika siku za kwanza ngoma ya visu ilikuwa na pembe nne. Kati ya pembe na pembe palikuwa na nafasi kubwa, na mkono ukianguka pale uliingia wote. Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Ujerumani, mafundi walianza kutumia ngoma ya mviringo, ambayo visu vyake hutokeza milimita moja tu au zaidi kidogo. Mkono ukiigusa ngoma ya mviringo utaumia, lakini hauvutwi ndani kwa kadiri ile. Basi kabla ya kutoa fedha zako, zima umeme, fungua kinga, uitazame ngoma. Ikiwa ni ya pembe nne, iache hata kama bei yake ni ndogo. Tazama pia kwamba mashine ina kinga ya kufunika ngoma. Mashine nyingi tulizoziona hazina kinga hiyo, na mwenyewe akiulizwa hujibu kwamba aliitoa kwa sababu yachelewesha kazi.

Kabla ya kuwasha, tazama ubao wako. Mbao za misindano zitokazo Sao Hill, Mufindi, ni laini na hazina matata mengi ila mafundo yake, ambayo yakiwa makavu hungoka na kuruka kama jiwe la kombeo. Mkaratusi hupinda na kupasuka, hasa ukirandwa kabla haujakauka. Mgrevilea ni mti mwema, lakini kwetu hupandwa mipakani, na watu hupigilia misumari na nyaya za ua katika shina lake. Mti hukua ukaumeza msumari, na baada ya miaka 20 fundi huukuta kwa visu vyake. Mvule una adui wake mwenyewe: ndani yake mara nyingine hukaa mawe magumu meupe yaliyofanyika mti ungali hai, nayo huvunja ncha ya kisu. Kwa hiyo pitisha brashi ya waya juu ya ubao, uutazame kwenye mwanga, ugonge pale penye doa jeusi, maana msumari wa chuma mara nyingi huacha doa jeusi katika mti.

Kisha tazama mwendo wa nyuzi za mti pembeni mwa ubao. Nyuzi zikishuka kuelekea nyuma yako, sukuma, visu vitazilaza. Zikishuka kuelekea mbele, visu vitazinyanyua na kuzing'oa, na ubao utaruka mkononi. Ugeuze. Ubao uliopinda kama upinde uwekwe tumbo juu, ncha zake mbili zikiegemea meza, usije ukacheza kama mtumbwi. Na ubao mfupi kuliko sentimita 30 usirandwe kamwe kwa mashine hii: ncha yake huzama katika ufa kati ya meza, ubao hutupwa, na mkono uliokuwa juu yake hubaki pale pale juu ya visu. Ukitaka vipande vifupi, randa ubao mrefu kwanza, kisha ukate. Twajua hapa ndipo mafundi wengi hukosea, kwa sababu vipande vifupi ni masazo, na mtu huona uchungu kuyatupa. Vipande hivyo ni kazi ya randa ya mkono.

Mwenye kuranda asimame upande wa kushoto wa mashine, mguu mmoja mbele, asisimame nyuma ya ubao, kwa kuwa ubao ukirudishwa hurudi kwa nguvu ya kuvunja mbavu. Mikono ya shati ikunjwe au ifungwe vifundoni. Saa, pete, bangili na shuka visionekane karibu na mashine. Wengine hudhani glavu zitawalinda. Sivyo, glavu ikinaswa na kisu huvuta mkono wote. Ubao usukumwe kwa visukumio viwili vya mti vyenye mishikio, ambavyo fundi aweza kuvitengeneza mwenyewe kwa nusu saa. Kiganja kisipite juu ya ngoma hata mara moja: mkono wa kushoto ukikaribia ngoma, uondoke, uvuke, ukatue upande wa pili juu ya ubao uliokwisha kupita. Ondoa milimita moja, au mbili kwa mti laini, kisha rudia. Mwenye kutaka kuondoa milimita tano kwa pigo moja ajue kwamba kisichoweza kukatwa kitatupwa.

Jambo tutakalolieleza sasa halimo sana katika vitabu vya mafundi wa Ulaya, lakini kwetu ni kubwa kuliko yote. Ni kukatika kwa umeme. Tulipata kumwona kijana mmoja fundi, katika kituo cha biashara tusichokitaja, ambaye mkono wake wa kuume umebaki na kidole gumba na shahada tu. Alitueleza mwenyewe habari zake. Ilikuwa adhuhuri, na kazi ilikuwa ya watu waliotaka milango yao siku ile ile. Umeme ulikatika ubao ukiwa katikati. Mashine ikazunguka kidogo, ikanyamaza. Akangoja. Hata baada ya robo saa aliona maranda yamejaa chini ya meza, akasema moyoni, “Na tuitumie nafasi hii kusafisha.” Akaingiza mkono katika ufa ili ayatoe. Swichi hakuizima, maana mashine ilikuwa imekwisha zimika yenyewe. Umeme ukarudi.

Kijana huyu hakuwa mzembe. Alikuwa akifanya usafi, na usafi ni jambo jema. Lakini mashine iliyozimwa na mtu na mashine iliyozimwa na kukatika kwa umeme hazifanani hata kidogo: ya pili ingali imewashwa, ila imekosa chakula. Kwa hiyo umeme ukikatika, tendo la kwanza, kabla ya kukaa chini, kabla ya kunywa maji, ni kuzima swichi na kuchomoa plagi ya mashine. Ziko swichi maalumu ambazo umeme ukikatika huanguka zenyewe, na umeme ukirudi mashine haiwaki mpaka mtu abonyeze tena kitufe cha kijani. Bei ya swichi hiyo ni ndogo ukiilinganisha na bei ya mashine, nasi twawasihi viongozi wa vikundi vya vijana, wanunuapo mashine kwa fedha za mkopo, wasikubali iliyo na swichi ya ukutani kama ya taa. Wenye kutumia umeme wa nyaya tatu waongeze jambo hili: baada ya matengenezo ya laini au ya mota, washeni mashine kwanza bila ubao, mkatazame ngoma yazunguka upande gani. Nyaya mbili zikibadilishana mahali, ngoma huzunguka kinyume. Tena waya wa ardhini uwepo, maana meza ya mashine ni chuma kitupu, na katika masika sakafu ya karakana huwa na unyevu.

Katika utunzaji, mengi hutegemea visu. Kisu butu ni hatari kuliko kisu kikali, kwa sababu kisu butu humlazimisha mtu kusukuma kwa nguvu, na mwenye kusukuma kwa nguvu huteleza. Dalili zake ni hizi: mlio hubadilika, ubao huwa na vinyweleo, maranda huwa unga badala ya kuwa vipande, na mara nyingine mti hutoa harufu ya kuungua. Ukitaka kutoa visu, chomoa plagi, uifunge au uiweke mahali unapoiona; ifunge ngoma kwa kabari ya mti isizunguke; vaa glavu (hapa ndipo glavu zinapofaa), ulegeze bolti za kabari ya chuma ishikayo kisu. Visu vyote vinolewe pamoja, kwa pembe moja, na uzito wake ubaki sawa. Kimoja kikiwa chepesi, ngoma hutetemeka, na mtetemeko hula beringi. Fundi aliye karibu na Nyamongo hatakosa jirani mwenye mizani ndogo ya dhahabu; na aiazime kwa dakika tano.

Kurudisha visu kwataka uvumilivu. Chukua kipande cha mti kilichonyoka sana, ukilaze juu ya meza ya nyuma kikitokeza juu ya ngoma, uitie alama pale meza inapokoma. Izungushe ngoma kwa mkono, polepole, kwa kushika mkanda. Kisu kitakigusa kipande hicho na kukisogeza mbele milimita chache. Kila kisu, kushoto na kulia, kikisogeze kwa kadiri ile ile. Kisichokisogeza kiko chini. Kikisogezacho mno kiko juu. Vikiisha kulingana, kaza bolti kuanzia katikati kwenda pembeni, kisha zikaze zote mara ya pili. Bolti iliyosahauliwa hulegea kwa mwendo, na kisu hutoka katika ngoma kama risasi. Kabla ya kuwasha, hesabu spana zako, uizungushe ngoma kwa mkono mara moja ili ujue haigusi kitu.

Ubao wa kwanza utakueleza kama meza ziko sawa. Ukiona mwisho wa ubao umeng'atwa, kama mtu aliyemega kipande kwa jino, meza ya nyuma iko chini mno; ipandishe kidogo. Ukiona ubao umegota kwenye ukingo wa meza ya nyuma na haupiti, au umetoka mwembamba upande mmoja, meza hiyo iko juu mno.

Utomvu wa msindano hushika meza na visu. Ufute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, mashine ikiwa imechomolewa, kisha kitambaa kitupwe mbali na maranda. Mkanda ukipasuka pembeni ubadilishwe. Beringi zipigazo kelele au zipatazo moto usizoweza kuwekea mkono zisingojwe mpaka zife. Kutu ya meza huondolewa kwa msasa laini na mafuta, kisha meza isuguliwe kwa nta. Na randa ya mkono, ambayo haitaki umeme, yastahili heshima ile ile: kisu chake kinolewe kwa pembe ya digrii 25 hadi 30, na fundi aiwekapo aifanye ilale ubavu, isisimame juu ya kisu chake.

Liko bado jambo la vumbi. Wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani walitangaza mwaka 1995 kwamba vumbi la mbao laweza kuleta saratani, hasa ya pua. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua kwa watu wengine. Basi karakana iwe na upepo, na fundi afunike pua kwa barakoa nzuri. Maranda ni mali. Wafugaji wa kuku huyataka kwa kutandika mabandani. Lakini maranda ya nguzo zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani, zisipewe kuku wala kuwa kuni za kupikia, maana ndani yake mara nyingi mna sumu ya aseniki. Twaongeza kwamba watoto watumwao kuchukua maranda huja na magunia yao mashine ikizunguka, wakainama chini ya meza. Fundi azime kwanza, au ayaweke maranda nje ya mlango.

Sheria nayo imesema. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwenye karakana kuisajili na kuwalinda wafanyao kazi ndani yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hukataza mtu wa chini ya miaka 18 kupewa kazi ya hatari, na mashine ya randa ni kazi ya hatari. Kijana wa miaka 15 na afundishwe kupima, kuchora na kutumia randa ya mkono, mashine aingoje. Tena mwajiri ampasa kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, ili aumiaye kazini apate matibabu na fidia. Kijana tuliyemtaja alikuwa kibarua asiye na karatasi yoyote, wala mwenye karakana hakuwa akichangia, na ng'ombe wawili wa baba yake waliuzwa ili alipiwe hospitali.

Mtu akiumia, zimeni mashine kabla ya kumkimbilia. Bonyezeni jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kufungua fungua kutazama, na mkono uinuliwe juu ya moyo. Msitie mafuta ya taa, wala tumbaku, wala udongo, wala majivu. Ikiwa kipande cha kidole kimepatikana, kivingirisheni katika kitambaa safi chenye unyevu, kitieni katika mfuko wa plastiki na kuufunga, kisha mfuko huo uwekwe katika maji baridi yenye barafu. Kipande chenyewe kisiguse barafu. Andikeni saa aliyoumia. Mpelekeni hospitali siku ile ile, hata kama damu imekoma, na mwambieni mganga ni lini alipochomwa sindano ya pepopunda kwa mara ya mwisho.